Mwalimu Aliyetufundisha Kukataa

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitasema. Sijui, na hata ningejua, hiyo haingenisaidia kupima unga. Nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu hapa Kamina, miaka yote niliyomfahamu, na yale aliyoniambia mke wake, mama asiyejua kusema uongo, na ndiyo maana hakufanya biashara hata siku moja. Jina la huyu mzee naliacha kwa heshima. Majina ya wengine siachi. Walionila nitawataja, na kama wanajua kusoma, wasome.

Tulimwita Mwalimu. Si wa shule. Alifundisha biashara, Jumamosi, katika sali ya paroko, ukumbi ambamo kwaya inafanyia mazoezi. Mtu mrefu, mwembamba, na koti la kahawia ambalo hata joto la Oktoba halikumvua. Mkononi alikuwa na fimbo ya kuonyeshea ubao. Ubao wenyewe uliibwa zamani, kwa hiyo alionyeshea ukuta.

"Hapa," alisema kwa Kiswahili chetu, ambacho "njo" ni "ndiyo", akigonga ukuta mtupu, "hapa njo munaona faida."

Tuliangalia ukuta. Wengine wakaandika.

Neno lake la kufungua lilikuwa lilelile kila Jumamosi: "Kila muntu anaweza kuwa antreprenere." Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa msingi, halafu jembe likaniita. Lile neno lilikuwa refu kuliko shule yangu. Nikamuuliza jirani yangu wa benchi, Mama Zaina, ni kitu gani. Mama Zaina ni wa wale watu wa Maniema, Waislamu. Kwao wanauza tangu nyakati ambazo hakuna mtu anazikumbuka, na mtoto wao anajua bei kabla ya kujua kutembea.

"Ni muntu mwenye kuuzisha," akaninong'oneza, "lakini yeye iko na koti."

Yeye Mama Zaina hakuja kujifunza. Alikuja kuona nani atamsumbua sokoni. Baada ya kutuangalia vizuri, benchi moja baada ya benchi lingine, akalala usingizi wa amani.

Nisimame kidogo kwenye biashara za Mwalimu mwenyewe, maana alipenda kufundisha kwa mifano, na mifano yote ilitoka katika maisha yake, na yote ilikufa.

Alifuga kuku. Kosa lake la kwanza ni kwamba aliwapa majina, tena ya watakatifu. Mteja anafika, anaonyesha kuku mnene. Mwalimu anasema: "Ule hapana, ule ni Veronika." Na yule pale? "Ule iko na huzuni, tangu juzi." Na huyu jogoo? Mwalimu anamwangalia mteja kama mtu aliyeomba kununua paroko. Kuku wale, isipokuwa mmoja, walikufa kwa uzee. Nafikiri katika mji huu wote ni wao peke yao.

Halafu akanunua mashini ya fotokopi, akaiweka barazani kwake, mahali ambapo umeme unakuja kama shangazi wa mbali: haukupi habari, na ukifika unaondoka kabla ya kula. Watu walileta karatasi zao asubuhi, wakakaa. Jioni Mwalimu akawaonea huruma, akachukua bic, akawanakilia kwa mkono. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Watu wakaacha kabisa kuuliza habari za mashini, wakawa wanasema, "Mwalimu, unifanyie ile ya mukono."

Halafu akapanda treni kwenda Bukama kuleta samaki wakavu. Kurudi, treni ikakaa porini, kama kawaida yake, mpaka abiria wakaanza kugawana maji kwa kifuniko. Mwalimu akafungua kikapu chake. Alishuka stesheni ya Kamina na kikapu kitupu na watu wengi wakimpungia mikono madirishani.

"Samaki zote uliuzisha?" mke wake akamuuliza.

"Hapana. Lakini sasa bananijua mpaka Bukama."

Siku moja nilimwambia mbele ya darasa, kwa sababu mimi moyo wangu hauna mlango: "Mwalimu, weye mwenyewe vyote vilikufa. Utatufundisha nini?"

Hakukasirika. Aligonga ukuta. "Mama Kyungu, ule anakuonyesha njia ya kwenda hospitali, iko daktari?"

Darasa likapiga makofi. Nikakaa. Lakini nikaona kwamba hakujibu.

Masomo yenyewe tulimlipa kwa vitu, kila mtu kwa biashara yake: huyu mkaa, huyu sombe ya majani ya mihogo, huyu mafuta ya ngazi, yaani mawese, katika chupa ya bia, mimi unga. Kwa hiyo alikula biashara zetu zote, kidogo kidogo, na hiyo ndiyo biashara yake moja tu iliyosimama.

Sasa niseme kwa nini mimi nilikwenda pale. Mimi ni mtu aliyebaki. Vita vilitutoa kijijini, upande wa Kabongo, tukatembea, na bwana wangu hakufika Kamina. Nilifika na watoto na mikono inayojua kulima, na katika mji huu kila shamba lina mwenyewe. Nikapata meza sokoni. Unga wa mahindi na wa mihogo, kwa meka, ule mkebe wetu wa kupimia. Nilikuwa nauza vizuri. Na meza ile ikafa mikononi mwangu. Tena haikufa kifo cha Mungu. Iliuawa.

Wa kwanza kuiua ni Célestin, mdogo wa marehemu bwana wangu, anayekaa nyuma ya stesheni. Kwetu mdogo wa bwana anaweza kukuita bibi yake, yaani mke wake, ni mchezo wa shemeji, watu wanacheka. Célestin alicheza huo mchezo na mfuko mkononi. Kila asubuhi: "Bibi yangu, bunga ya kaka iko wapi?" Kaka yake alikuwa amekufa, na alikula kuliko walio hai.

Wa pili ni Odette, prezida wa kwaya, aliyekuja kuchukua unga wa kilio kila mtu alipokufa, na akifika hakuna aliyekufa, alichukua wa mgonjwa.

Wa tatu ni Banza, chef wa soko, yaani mkuu wake. Yeye alikuwa "anaonja". Mtu gani anaonja unga mkavu? Anaingiza mkono mzima ndani ya mfuko, anaugeuza, anautoa umejaa, anaumimina mfukoni mwa koti.

Kwa hiyo meza ikabaki mbao. Nikabeba maji ya wajenzi msimu mzima wa kiangazi mpaka nikapata mfuko mwingine wa kuanzia, na siku niliyoufikisha sokoni Banza akanifuata.

"Mama Kyungu, nakuhurumia. Lakini meza ikibaki tena butupu, nitaipatia mwingine. Haiko meza ya kuangalia."

Huyo mwingine tulimjua wote: bibi yake mdogo. Basi Banza alikuwa anaingiza mkono katika mfuko wangu, halafu ananihukumu kwa sababu mfuko unapungua. Nikisema meza ndiyo ilikuwa shule ya watoto wangu, na bukari yao, ugali wa kila siku, na nyumba yao, sijaongeza hata chumvi. Nikamwendea Mwalimu.

Mafundisho yake, ukiondoa ukuta na fimbo, yalikuwa haya.

"Meza njo bosi. Weye iko mutumishi ya meza. Bunga ile ya juu ya meza haiko ya weye, iko ya meza. Muntu akiya kuomba, usikatale weye. Weye huna uwezo! Mwambie tu: omba meza."

"Na meza ikinyamaza?" mtu akauliza.

"Njo jibu yake."

Halafu akashusha sauti, kama anatuonyesha siri ya nyumbani: "Lakini hata mutumishi anakulaka. Kila mangaribi meza ikulipe. Pima kidogo, weka mu ndoo yako ndogo, pembeni. Ile ya mu ndoo njo ya weye. Ukitaka kuimwaga mu mutoni wa Lualaba, mwaga, meza haitakuuliza."

Jambo la pili alilolipiga vita ni nyongeza, ule mkono wa unga ambao muuzaji anaongeza juu ya meka ili mteja arudi. "Nyongeza ni tundu mu ndoo!" alipiga kelele. Alitutaka tusawazishe meka kwa kijiti, paa, kama mezani kwa seremala. Mama Zaina aliamka kwa hilo tu. "Musikie Mwalimu, musikie vizuri," akatuambia, na tulipotii, wateja wetu wote wakahamia kwake. Wa kwanza kuhama alikuwa mke wa Mwalimu. Nilimwona kwa macho yangu akishikilia meka ya Mama Zaina na kusema, "Ongeza, ongeza, usinifanye mugeni." Mwezi haukwisha, nikarudisha nyongeza. Kwa hiyo mtu asifikiri nilikubali kila kitu. Nilichagua, kama unavyochagua maharage.

Lakini kukataa nilipaswa kujifunza, na kukataa hakufundishwi kwa ukuta. Alitufanyia mchezo. Alitoka nje, akavua lile koti, akaligeuza ndani nje, akaingia tena. Naapa hakuwa yeye. Mgongo ulipinda, mdomo ulilegea, na miguu ilikuja kwa upande kama ya mtu anayependa kutoonekana mpaka amefika. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Bibi yangu…"

Sali nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa Célestin mtupu.

"Bibi yangu, batoto balilala bule, na njaa. Kama kaka angekuwa hapa, ningekuya kuomba kweli? Unaniangalia vile? Basi. Nitaenda. Nitaambia kaburi yake kama ulikatala."

"Omba…" nikasema. Neno la pili halikutoka.

Akapiga magoti juu ya simenti. Machozi yakashuka, si ya mchezo, machozi yenye kamasi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kikapu, ukatoa unga niliokuja nao kumlipa, ukampa.

Mwalimu akasimama wima palepale, akapangusa uso. "Umeanguka," akasema. "Munaona wote? Mama Kyungu ameanguka, na alijua kama ni mchezo." Na unga akauweka kwapani.

Somo lilipokwisha, akasimama mlangoni kupokea malipo. Nilipofika, akanyoosha mkono. "Na yako, mama?"

"Nilikupatia."

"Ile ulipatia shemeji yako."

Nikamwangalia. "Basi," nikasema, "omba meza."

Alitupa fimbo chini kwa furaha. "Njo vile! Njo vile! Umefika, mama!" Akanishika mikono yote miwili, akaniita mbele ya watu mwanafunzi wake bora. Halafu akaenda nyumbani na unga wangu.

Kwa miezi nilijiuliza mtu kama yule, asiyeweza kuuza kuku, alijifunzia wapi kulia vile. Mke wake ndiye aliyenieleza, tukichambua sombe nyumbani kwao.

"Kwa dada yangu," akasema. "Duka ya dada yangu, kule Kabongo, huyu bwana yangu njo aliikula. Alikuwa anapiga magoti vilevile. Leo sabuni, kesho sukari, eti ya batoto, eti ya kilio, eti ya kaka yake. Mpaka kulibaki chumvi tu na kilo, ile mizani ya kupimia."

"Na dada yako?"

"Dada yangu akauzisha kilo."

Basi nikaelewa. Hakuna ujanja wa shemeji ambao Mwalimu hakuujua, kwa sababu alikuwa shemeji. Darasa lake lote lilikuwa lile duka.

Siku ya kweli ilikuja. Célestin alifika sokoni na mfuko wake, asubuhi, watu wamejaa.

"Bibi yangu, bunga ya kaka iko wapi?"

"Hii haiko ya kaka. Iko ya meza. Omba meza."

"Nini?"

"Miye niko mutumishi tu, shemeji. Bosi njo huyu." Nikagonga mbao. "Mwombe."

Célestin akacheka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mama Zaina, Mungu ambariki pamoja na ujanja wake, akapaza sauti kutoka meza ya pili: "Papa Célestin, piga magoti kwanza! Meza ya hapa inapenda heshima!" Soko zima likageuka. Mtu mmoja akaanza kumwuliza Célestin meza imejibu nini. Mwingine akasema anyamaze, meza bado inafikiri. Célestin akaniita mulozi, akasema atanishitaki kwa ukoo, akaondoka na mfuko umekunjwa kwapani. Banza, aliyekuwa anakuja kuonja, akaona, akapita kama anayeelekea mahali pengine. Na alipojaribu kesho yake, nikaweka mkono wangu mdomoni mwa mfuko na kumwambia meza imefunga.

Célestin alinishitaki kweli. Ukoo ukakaa. Nikamwita Mwalimu awe shahidi wangu, aeleze hayo mambo ya meza kwa lugha ya watu waliosoma. Alikuja na koti na fimbo. Alianza vizuri. Halafu Célestin akapiga magoti. Akamlilia kaka yake. Nikamwona Mwalimu anatafuta kitambaa. Nilimkanyaga mguu, bure.

"Kweli," Mwalimu akasema, sauti imevunjika, "huyu naye ni muntu. Miye mwenyewe nitamupatia Veronika."

Hivyo ndivyo shahidi wangu alivyonitetea. Wazee wakakubali kwamba mashitaka yamekwisha, kwa kuwa kuku amepatikana. Célestin akaondoka na Veronika, na huyo hakufa kwa uzee.

Watu wananiuliza kama ni kweli, kila mtu anaweza kujifunza biashara. Nitawaambia nilichoona. Wengi wa lile darasa walirudi shambani, na wanakula vizuri kuliko mimi. Mimi nilijifunza, kwa shida, na meza iko pale mpaka leo. Lakini aliyejifunza kuliko sisi wote ni Célestin. Baada ya ile aibu ya sokoni alikwenda Jumamosi kwa Mwalimu, akakaa benchi la mbele. Leo anauza mkaa nyuma ya stesheni, mifuko mpaka juu. Mvua ya mwaka jana, kuni zimelowa, nikaenda kumwomba mkaa wa kupikia watoto wa kaka yake. Alivuta kiti, akakaa vizuri, akasema: "Bibi yangu, omba meza." Na hana hata meza! Anauzia chini!

Basi jibu ndilo hilo. Kila mtu anaweza kujifunza, hata Célestin. Aliyeshindwa ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anafundisha.

Sali ya paroko sasa wamepewa vijana wenye kompyuta, wanaonyesha faida kwenye kitambaa cheupe, na inaonekana kweli, kwa rangi. Mwalimu hakuitwa tena. Nilisikia mke wake mgonjwa. Nilisikia amerudia fotokopi za mkono, lakini siku hizi kila mtu anapiga picha na simu.

Majuzi, mvua imetoka kunyesha, soko lote matope mekundu, nilimwona anakuja kati ya meza. Mgongo umepinda. Miguu inakuja kwa upande. Akasimama mbele yangu na mfuko mdogo wa plastiki mkononi.

"Mama Kyungu," akasema. "Ule mama pale nyumbani hakukula tangu jana."

Nikacheka. Nilifikiri ananipima. Nikanyoosha mgongo, nikagonga mbao, nikasema kwa sauti, Mama Zaina asikie: "Mwalimu, hii bunga haiko yangu. Omba meza!"

"Njo vile," akasema. "Njo vile, mama." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama zamani.

Lakini hakuondoka. Ndipo nikaangalia koti. Halikugeuzwa. Alikuwa amelivaa sawasawa, vifungo vimefungwa vyote.

Mwalimu akainamisha kichwa. Akaweka kiganja juu ya mbao za meza yangu, polepole, kama unavyomgusa mtu aliyelala, na akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Meza, naomba."

Mama Zaina akaacha kupima.

Nilisubiri. Meza ikanyamaza, na sisi wawili tulijua hilo ni jibu gani.

"Imekatala," nikamwambia.

"Nilisikia," akasema. Akaanza kukunja mfuko wake.

Nikainama chini ya meza, nikavuta ndoo yangu ndogo, ile ya mangaribi, nikafungua kifuniko. Nikauchukua mfuko mikononi mwake. Nikapima meka moja kutoka ndoo, nikaisawazisha kwa kijiti, paa, kama alivyotufundisha, nikamimina. Alitazama ndoo, akanitazama mimi, na macho yake yakalowa, na sijui hata sasa kama yalikuwa yale machozi ya Kabongo au mengine.

Nikampa mfuko. Akaupima kwa mkono. Akauangalia ndani.

"Na nyongeza?" akauliza.

"Hiyo," nikamwambia, "omba meza."